Alessandro Volta na Asili ya Betri

Muhula uliopita jarida hili lilichelewa kutoka kwa majuma mawili, na wasomaji wengi walituuliza sababu. Sababu ni hii. Kurasa kumi na moja zilikuwa zimekwisha kupigwa katika kompyuta ya maktaba, na mwenzetu aliyekuwa akizipiga hakuwa amezihifadhi, kwa kuwa alitaka amalize kwanza ndipo azihifadhi zote pamoja. Saa kumi na moja jioni umeme ukakatika, na kurasa zote zikapotea kama moshi. Mwenzetu huyo alikaa kitini kimya kwa muda mrefu, wala hakuna aliyemlaumu, kwani wengi wetu tungalifanya vivyo hivyo.

Baada ya hapo Mwalimu Mkuu akatununulia kikasha kimoja cheusi, kizito kama tofali, ambacho mafundi hukiita yu-pi-esi. Kikasha huchomekwa ukutani, nayo kompyuta huchomekwa katika kikasha. Umeme ukikatika, chenyewe hulia pii, pii, na kompyuta huendelea kuwaka kana kwamba hapakutokea jambo lo lote.

Siku kilipoletwa, wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walijazana dirishani kukitazama, na mmoja wao akauliza umeme huo watoka wapi ikiwa waya wa ukutani hauna kitu. Akaambiwa kuwa watoka katika betri. Akauliza tena, na hiyo betri yaupata wapi? Hapo sisi wakubwa wote tulinyamaza. Swali lake ndilo lililonifanya nitafute habari za mtu aliyetengeneza betri ya kwanza ulimwenguni, naye ni Alessandro Volta, ambaye jina lake twalitamka kila tusemapo volti, tusikumbuke kuwa ni jina la mtu.

Volta alizaliwa tarehe 18 Februari, 1745, katika mji wa Como, ulioko kando ya ziwa zuri chini ya milima ya Alps. Siku hizi mji huo uko Italia, lakini wakati ule Italia haikuwa nchi moja. Ilikuwa vipande vipande, kila kipande na mtawala wake, na jimbo la Lombardy, ambamo Como imo, lilitawaliwa na Austria. Ukoo wake ulikuwa wa watu wenye heshima ya zamani, lakini fedha zilikuwa zimewaishia.

Mtoto huyu aliwatia wazazi wake wasiwasi mkubwa, maana alifikisha umri wa miaka minne hajasema neno. Watu wa nyumbani walidhani kwamba akili yake ina kasoro. Mara ulimi ukafunguka, na alipofika miaka saba alikuwa amekwisha kuwafikia wenziwe na kuanza kuwapita. Nimeona vema kulitaja jambo hili kwa kuwa katika kila darasa yupo mtu ambaye wenzake wamekwisha kumhesabu kuwa mjinga.

Baba yake alifariki Alessandro akiwa bado mdogo, akaacha madeni kuliko mali. Mtoto akalelewa na ami yake, aliyekuwa kasisi, akapelekwa kusoma katika shule ya mapadre Wajesuiti. Mapadre walipoona akili yake walitaka ajiunge nao awe padre, lakini ami hakupenda, akamtoa katika shule ile mwaka 1761. Jamaa walitaka asome sheria, kwani katika ukoo wao walikuwapo mawakili na mawakili hawalali njaa. Yeye hakutaka upadre wala uwakili. Alitaka kujua kwa nini kipande cha kaharabu kikisuguliwa huvuta nyuzi na manyoya.

Bahati yake ni kwamba alikuwa na rafiki mwenye uwezo, jina lake Giulio Cesare Gattoni, aliyekuwa na chumba cha vyombo vya sayansi, akamruhusu kuvitumia. Humo ndimo Volta alimojifunza mengi, maana hakusoma chuo kikuu hata siku moja. Akiwa kijana wa miaka 18 hivi alianza kuwaandikia barua wataalamu wakubwa wa umeme wa siku zile, Nollet wa Paris na Beccaria wa Turin, kuwaeleza mawazo yake. Huo ni ujasiri. Ni wangapi kati yetu wangethubutu kumwandikia profesa wa ng'ambo na kumwambia jinsi umeme unavyofanya kazi? Mwaka 1769, akiwa na miaka 24, alitoa maandishi yake ya kwanza kwa Kilatini, juu ya nguvu ya umeme ya kuvuta vitu.

Mwaka 1774 alipewa kazi ya kusimamia shule ya serikali ya Como, na mwaka uliofuata akawa mwalimu wa fizikia. Basi alikuwa mwalimu wa shule kama hii yetu kabla hajawa profesa. Mwaka huo huo wa 1775 aliwaonyesha watu chombo alichokiita elektrofora. Ni sahani yenye keki ya utomvu mkavu, ambayo husuguliwa kwa ngozi yenye manyoya, kisha huwekwa juu yake bamba la chuma lenye mpini usiopitisha umeme. Ukiligusa bamba lile kwa kidole na kuliinua, hutoa cheche. Na waweza kurudia mara nyingi bila kuisugua keki tena. Msweden mmoja aitwaye Wilcke alikuwa ametangulia kutengeneza kitu cha namna hiyo mwaka 1762, lakini Volta ndiye aliyekitengeneza vizuri na kukieneza Ulaya.

Mwezi wa Novemba, 1776, alikuwa katika mashua karibu na ukingo wa Ziwa Maggiore, akachokoa tope kwa fimbo na kuona mapovu yakipanda juu. Mtu mwingine angeendelea na safari yake. Volta aliyakusanya mapovu yale katika chupa, akayawasha, nayo yakawaka moto. Hiyo ndiyo gesi tuiitayo methani, ile ile itokayo katika mashimo ya samadi ambayo baadhi ya shule huitumia kupikia. Alipokwisha kuijua alitengeneza bastola ya kuchezea iliyofyatuka kwa gesi na cheche ya umeme, kisha akatoa wazo kwamba waya uliotandazwa juu ya nguzo za miti kutoka Como hadi Milan, mwendo wa kilomita 40 hivi, ungeweza kufyatua bastola huko Milan kwa cheche iliyopigwa Como. Wazo hilo alilitoa mwaka 1777, miaka mingi kabla ya simu ya upepo na ya waya.

Mwaka 1778 aliitwa kuwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Pavia, akashika kazi hiyo kwa miaka karibu 40. Wanafunzi walimpenda sana. Alisafiri Ufaransa na Uingereza, akaonana na Lavoisier, Laplace na Franklin. Chama cha wanasayansi cha London, kiitwacho Royal Society, kilimfanya mwanachama mwaka 1791, na mwaka 1794 kikampa nishani yake kubwa. Mwaka huo wa 1794 ndipo alipooa, akiwa na miaka 49, mke wake akiitwa Teresa Peregrini, nao wakapata watoto watatu wa kiume.

Sasa nafika kwenye ugomvi uliozaa betri.

Katika mji wa Bologna alikuwako daktari aitwaye Luigi Galvani, mtu mpole na mcha Mungu, aliyefundisha elimu ya mwili. Galvani aligundua kwamba miguu ya chura aliyekufa, ikitundikwa kwa kulabu ya shaba na kugusishwa na chuma, hurukaruka kama iliyo hai. Akachunguza kwa miaka mingi, na mwaka 1791 akatangaza kwamba ndani ya mnyama mna umeme wake mwenyewe, umejaa katika misuli na mishipa ya fahamu, na chuma kazi yake ni kuuachia upite tu. Habari hii iliwashangaza watu wa Ulaya yote. Vyura wengi walipoteza maisha yao katika miaka ile, kwani kila mwenye vipande viwili vya madini alitaka kujionea.

Volta naye aliyarudia majaribio hayo mwaka 1792. Kwanza alimsifu Galvani na kumwamini. Lakini kadiri alivyojaribu, shaka ilimwingia. Aliona kuwa mguu hurukaruka zaidi madini yakiwa ya namna mbili tofauti, na hauruki sana yakiwa ya namna moja. Akajiuliza kama umeme hautoki kwa chura, bali watoka katika madini yale mawili, na chura ni kama kipimo tu cha kuonyesha kwamba umepita. Akaweka karatasi ya bati juu ya ulimi wake na sarafu ya fedha chini yake, akagusanisha ncha zao, na mara akasikia ladha ya uchachu. Hapakuwa na chura hapo. Palikuwa na madini mawili na mate.

Ndipo wanasayansi wa Ulaya wakagawanyika makundi mawili, wa Galvani na wa Volta. Galvani mwenyewe hakupenda makelele. Mpwa wake Aldini ndiye aliyembishia Volta kwa nguvu. Mwaka 1794 upande wa Galvani ulionyesha kwamba mguu wa chura waweza kuruka bila madini yo yote, mshipa ukigusishwa na msuli tu. Hilo lilikuwa pigo kubwa kwa Volta. Leo twajua kwamba kila mmoja alishika nusu ya ukweli. Mishipa yetu ya fahamu kweli hufanya kazi kwa umeme, kama alivyosema Galvani. Na madini mawili yakitenganishwa na majimaji kweli hutoa umeme, kama alivyosema Volta.

Katika ugomvi huo vita viliingia. Mwaka 1796 majeshi ya Wafaransa, chini ya jemadari kijana Napoleon Bonaparte, yaliiteka Lombardy na kuifukuza Austria. Serikali mpya iliwataka walimu wa vyuo waape kiapo cha utii. Galvani alikataa, kwa kuwa kiapo kile kilipingana na dhamiri yake, naye akanyang'anywa kazi mwaka 1798 na mshahara wake ukakoma. Alikufa tarehe 4 Desemba mwaka huo huo, maskini na mwenye huzuni. Volta alikuwa mtu wa namna nyingine. Aliishi na kila serikali iliyokuja, akaendelea na kazi. Wako wanaomlaumu kwa hilo. Mimi naona ni vigumu kuwahukumu watu waliokaa mahali ambapo bendera hubadilika kila baada ya miaka michache, ila nakiri kwamba nikisoma habari za Galvani moyo wangu humwelekea yeye.

Mwaka 1799 Waaustria walirudi, wakakifunga Chuo cha Pavia, na Volta akabaki bila kazi, akirejea kwao Como. Basi ilikuwa katika wakati huo wa kukaa bure ndipo alipoikamilisha kazi iliyompa jina. Alitafuta njia ya kuushinda upande wa pili kwa kuonyesha umeme mwingi pasipo mnyama ye yote. Jozi moja ya madini ilitoa umeme mdogo mno. Je, akipanga jozi nyingi, moja juu ya moja? Alichukua vipande vya mviringo vya fedha na vya zinki, na kati ya jozi na jozi akaweka kipande cha karatasi nene au ngozi kilicholowanishwa kwa maji ya chumvi: fedha, zinki, karatasi, fedha, zinki, karatasi, hata ukasimama mnara mdogo. Akalowesha mikono, akashika juu na chini ya mnara. Mtetemo ukampiga mikononi. Akashika tena, ukampiga tena. Vyombo vyote vya umeme vya kabla ya hapo vilikuwa vikitoa cheche moja kisha vimekwisha, mpaka visuguliwe upya. Mnara huu ulitoa umeme mfululizo, kama chemchemi.

Tarehe 20 Machi, 1800, aliandika barua ndefu kwa Kifaransa kwenda kwa Sir Joseph Banks, rais wa Royal Society ya London. Kwa sababu ya vita barua ilipelekwa kwa vipande viwili, na cha kwanza kilitangulia kufika. Humo alikilinganisha chombo chake na samaki fulani wa jamii ya taa, ambaye mtu akimgusa hupigwa mtetemo. Wenzetu wa pwani wanamfahamu taa, nao watanisaidia kuwaeleza wa bara kwamba huyu si taa ya kuwasha, ingawa kwa samaki huyu maneno hayo mawili yamekaribiana sana. Mwilini mwake mna visahani vingi vilivyopangwa safu safu, na Volta alisema kuwa mnara wake ni mfano wa kiungo hicho uliotengenezwa kwa mikono ya mtu.

Barua ilisomwa mbele ya chama tarehe 26 Juni, 1800, lakini watu wawili wa London, Nicholson na Carlisle, walikuwa wamekwisha kuonyeshwa kipande cha kwanza, na mwezi wa Mei walitumia mnara wao kuyavunja maji yakawa gesi mbili. Miaka saba baadaye, 1807, Humphry Davy alipata potasi na sodi safi kwa njia hiyo hiyo. Vitu hivi vyote twavisoma katika kemia, na vyote vilipitia mlango uliofunguliwa Como.

Sisi wa chama cha sayansi tuliutengeneza mnara huo juma la saba la muhula huu. Fedha hatuna, basi tulitumia shaba. Zinki tuliipata kwa kukata maganda ya betri kuukuu za tochi, tukayasugua kwa msasa. Katikati tukaweka karatasi nene iliyochovywa katika maji ya chumvi ya jikoni. Kila jozi hutoa pungufu kidogo ya volti moja. Tulipopanga jozi 12 sindano ya kipimo ilisimama karibu na 8, na taa moja nyekundu, ndogo kama punje ya mahindi, ikawaka. Tulipiga makofi. Baada ya robo saa ikafifia, na baada ya muda kidogo ikazimika.

Kuzimika kwake ndiko kunakoeleza kosa la Volta. Yeye aliamini mpaka kufa kwake kwamba umeme huzaliwa kwa kule kugusana tu kwa madini mawili, na kwamba mnara ungeweza kuutoa bila mwisho na bila kitu kupungua. Haikuwa hivyo. Zinki huliwa polepole na majimaji, na kule kuliwa ndiko kunakotoa umeme. Tena mapovu ya gesi hujikusanya juu ya shaba na kuuzuia. Zinki ikiisha, au karatasi ikikauka, mnara umekufa. Ajabu ni kwamba mtu alitengeneza chombo kilichobadili ulimwengu, huku maelezo yake juu ya namna kinavyofanya kazi yana dosari.

Betri ya Volta basi hutumika mara moja. Betri ya kujazwa tena ilimngoja Mfaransa Gaston Planté, ambaye mwaka 1859 alikunja mabamba mawili ya risasi, akayatenganisha yasigusane, akayatia katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Ukiipitishia umeme, uso wa mabamba hubadilika. Ukiacha, hurudi polepole ulivyokuwa na kuutoa umeme ule. Na hiyo, msomaji, ndiyo iliyomo katika kikasha chetu cheusi, ila tindikali yake haichezi kama maji, imenywewa na kitambaa cha nyuzi za kioo, ili isimwagike. Vyumba vyake ni sita, kila kimoja volti 2, jumla volti 12, na kitu kingine kilichomo humo huugeuza umeme huo kuwa wa volti 230 unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde moja, kama ule wa ukutani.

Kwa hiyo yule mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ajibiwe hivi: betri huupata umeme wake kutoka ukutani mchana kutwa, kidogo kidogo, ikaugeuza kuwa mabadiliko katika risasi, nayo hukaa ikingoja.

Lakini akiba hiyo ni ndogo, na wengi hawalijui hilo. Juu ya betri yetu pameandikwa volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha, utapata wati-saa 84. Kompyuta na kioo chake vikila wati 100, kwa hesabu ya karatasini utapata dakika 50. Kwa kweli tulipata dakika 20 tu, kwa maana betri ikikamuliwa kwa haraka hutoa pungufu ya ile iliyoandikwa, na kule kugeuza umeme nako kuna hasara. Basi kikasha hiki ni cha kukupa nafasi ya kuhifadhi kazi yako na kuizima kompyuta kwa taratibu. Nyumbani kitafaa pia kwa televisheni au kwa kile chombo kidogo cha intaneti, ambacho kwa kuwa hula wati chache chaweza kukaa saa nzima au zaidi. Asije mtu akachomeka humo pasi au jiko au birika la umeme. Pasi moja hula wati 1,000 na kuendelea, na kikasha kitalalamika kisha kitazima. Jambo hili si hadithi. Katika bweni moja ambalo sitalitaja lilijaribiwa kwenye kikasha cha kuazima, na shati la mtu likabaki na mikunjo yake.

Joto ni adui mkubwa wa betri ya risasi. Kila joto likizidi kwa nyuzi 10 hivi, umri wake hupungua kwa karibu nusu, kwa hiyo kikasha kisiwekwe juani dirishani wala kufunikwa kwa kitambaa cha urembo. Wala isiachwe imeisha kwa majuma mengi, kama likizo, maana chumvi ya risasi huganda juu ya mabamba na baadaye haijazwi tena. Hata ikitunzwa vema, baada ya miaka mitatu mpaka mitano hivi itahitaji kubadilishwa. Ya zamani isipasuliwe wala kutupwa jalalani, kwa sababu risasi ni sumu na tindikali huunguza. Apewe mtu anayenunua betri kuukuu. Na kikasha chenyewe kisifunguliwe na mtu asiye fundi, hata kikiwa kimechomolewa ukutani, kwa kuwa ndani yake bado mna umeme wa kuua.

Tumrudie Volta. Mwezi wa Juni, 1800, Napoleon aliwashinda Waaustria katika vita vya Marengo, Chuo cha Pavia kikafunguliwa, naye akarudi kazini. Mwezi wa Novemba, 1801, alikwenda Paris pamoja na mwenzake Brugnatelli, akauonyesha mnara wake mbele ya wataalamu, na Napoleon mwenyewe alikuwamo akisikiliza. Alipewa nishani ya dhahabu, baadaye malipo ya kila mwaka, kisha akafanywa mjumbe wa baraza kuu mwaka 1809, na mwaka 1810 akapewa cheo cha Kaunti. Inasimuliwa kwamba alipoomba kustaafu, Napoleon alimkatalia, akasema afundishe hata somo moja tu kwa mwaka lakini jina lake lisitoke katika chuo.

Jambo moja linanishangaza katika miaka hiyo. Wengine waliichukua betri wakaenda nayo mbali, yeye akakaa karibu pale pale alipofika. Hakuvumbua tena kitu kikubwa. Huenda alichoka, au heshima zilimzidi, au alikuwa amekwisha kulipata jibu alilolitaka. Mwaka 1814 alifiwa na mwanawe wa pili, Flaminio, kijana aliyekuwa na akili ya hesabu. Napoleon alipoanguka, Waaustria walirudi tena, na Volta akawatumikia kama zamani. Mwaka 1815 walimpa uongozi wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Padua. Mwaka 1819 alistaafu kabisa, akaenda kuishi karibu na Como, katika hali ya kawaida. Alifariki tarehe 5 Machi, 1827, akiwa na miaka 82, siku ile ile aliyokufa Laplace huko Ufaransa. Kaburi lake liko Camnago, kijiji cha ukoo wake, ambacho sasa chaitwa Camnago Volta.

Mwaka 1881 wataalamu wa umeme wa mataifa mbalimbali walikutana Paris, wakakubaliana kwamba kipimo cha msukumo wa umeme kiitwe volti kwa heshima yake. Galvani hakusahauliwa pia. Kipimo chenye sindano tulichokitumia katika jaribio letu ni cha jamii ya galvanomita.

Mwaka 1899, betri ilipotimiza karibu miaka mia, watu wa Como walifanya maonyesho makubwa kando ya ziwa, wakaweka humo vyombo vyake alivyovitumia kwa mikono yake. Tarehe 8 Julai moto ukazuka, na wengi waliulaumu umeme wenyewe, ukayateketeza majengo na vyombo karibu vyote. Vichache vilivyookolewa, pamoja na vingine vilivyotengenezwa upya kwa mfano wa vile vya kwanza, sasa vimo katika jumba lililojengwa kwa ukumbusho wake pale pale ukingoni mwa ziwa, na miongoni mwake umo mnara wa vipande vya madini, mfupi kuliko mkono wa mtoto.